Bi Futi na Mashine ya Vipimo

Hebu niambie ukweli, wewe uliyeketi hapo: mara ya mwisho ulipopimwa nguo, hukuvuta tumbo ndani? Usinifiche. Watu wote huvuta. Mwanamume huvuta, mwanamke huvuta, hata mzee wa miaka themanini aliyekuja kushonewa koti la kumwozea mjukuu wake huvuta, halafu anatazama juu kama mtu anayehesabu mbao za dari. Fundi anaona. Fundi mzuri hasemi kitu. Anaandika kiuno alichokipata, kisha pembeni anaweka alama yake.

Alama ya Bi Futi ilikuwa nukta moja chini ya namba. Nukta moja maana yake huyu kavuta pumzi, ongeza inchi. Nukta mbili, huyu kavuta mpaka kakaribia kuzimia, ongeza inchi mbili na mwachie mshono wa akiba. Kijistari kinachoteremka kushoto, bega la kushoto liko chini. Kiduara, huyu ana kovu mkononi na hapendi lionekane, refusha mkono wa nguo na usimuulize. Alama za namna hiyo zilikuwa thelathini na kitu, na aliyezijua ni yeye peke yake, kwa sababu alizibuni mwenyewe katika miaka arobaini na miwili ya kukata nguo. Alisoma shule ya msingi tu, na hakuona haja ya kuandika maneno mengi mahali ambapo nukta ilitosha.

Jina la Bi Futi alipewa na mafundi wenzake, maana futi ya kupimia haikushuka shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Siku moja alikwenda nayo msibani, akagundua bado iko shingoni watu wote wamekwisha kumpa mkono wa pole.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: cherehani saba, meza moja ndefu ya kukatia yenye kovu la pasi kwenye kona, na rafu ya nyuzi zilizopangwa kwa rangi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Aliyeiendesha sasa ni binti yake mkubwa, na kwa kuwa binti huyo alitembea na kalamu sikioni, kila mtu alimwita Meneja, mama yake akiwemo.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanza. Meneja aliona daftari za mama yake zinachakaa, akawa anaandika vipimo vipya kwenye simu na kuwatumia mafundi katika kundi lao. Basi siku moja fundi wa vifungo, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi, ambaye jina lake la kazini lilikuwa Kifungo, akatuma orodha ya kikundi cha waimbaji. Wanawake kumi na wanane, kifua, kiuno na nyonga, jina kwa jina. Kidole kikateleza. Orodha ikaangukia kwenye kundi la wazazi wa shule, na kabla ya saa nne asubuhi watu mia mbili walikuwa wameshazisoma nyonga za waimbaji.

"Nilidhani nimeifuta," alisema Kifungo, na kila aliposema hivyo watu walicheka upya, isipokuwa wale kumi na wanane. Kumi na mmoja kati yao hawakurudi tena.

Bi Futi hakucheka. "Kiuno cha mtu ni siri," alisema. "Nimetunza viuno vya mji huu tangu Meneja hajaota meno. Hakuna mume aliyekijua cha mkewe kwa kinywa changu."

Ndipo akaitwa mjukuu.

Mjukuu alikuwa binti wa Meneja, fundi wa kompyuta, anayefanya kazi mji wa mbali, mwendo wa saa tano kwa basi. Alikuja Ijumaa amekumbatia kompyuta kuukuu aliyoipata kwenye ofisi iliyokuwa inahama, kaifunga kwa shuka kama mtoto mchanga. Akaiweka kwenye rafu, kati ya nyuzi za kijani na za kahawia, akachomeka waya mbili, kibodi na kioo kidogo, akakaa.

"Hii ndiyo itakuwa seva yenu," alisema. "Ni kama mtunza stoo. Inakaa hapa hapa na vipimo vyote, simu zenu zinakuja kuiuliza. Isiyemjua haimpi kitu."

"Mfanyakazi asiyekula," alisema Kifungo.

"Anakula umeme," Meneja akamjibu, "lakini hatumi nyonga za watu."

Bi Futi alivuta kigoda akakaa nyuma ya bega la mjukuu wake. Akaona kila kitu kilichokuwamo ndani ya mashine kinafutwa.

"Mke mwenzangu," alimwita, maana ndivyo walivyotaniana tangu mtoto yuko chekechea, "mbona unamwaga vyote?"

"Kwa sababu huu uliokuwamo ni mfumo wa dukani, Bibi. Ni nguo iliyokwisha kushonwa. Ina mifuko kumi usiyoihitaji, na kila mfuko mwizi anaweza kuingiza mkono. Mimi naweka mfumo huria. Huu ni kama jora la kitambaa. Unakata mwenyewe, unachotaka unaweka, usichotaka unatoa. Hapa hakuna haja ya muziki, natoa. Hakuna haja ya kuchapisha, natoa."

"Unapunguza mpaka umkae mwenyewe mwilini."

"Hapo hapo, Bibi. Halafu najenga ukuta kuizunguka. Ukuta una milango maelfu, na yote nitaifunga isipokuwa miwili. Mmoja wa simu za mafundi, mmoja wangu mimi, nije kuitengeneza kutoka kule kule kazini."

Bi Futi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kazi ya kukata aliijua akiiona.

Jumamosi na Jumapili alikaa na daftari zake tisa akasoma, na mjukuu akaandika. Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini na mbili. Bega kumi na saba. Mjukuu alikuwa ametengeneza vijisanduku safi kwenye kioo, kila kipimo na kisanduku chake, navyo vilipokea namba tu. Bi Futi alipofika kwenye nukta alisita kidogo, akamtazama mtoto, akaona vidole vinasubiri namba inayofuata, akaendelea. Hakuna aliyemuuliza nukta ni nini. Na yeye, nisikufiche, hakutaka kuisema. Alijiambia, nukta zikibaki kwangu, nami nitabaki.

Na hofu yake haikuwa ya bure. Jumapili mchana Meneja alileta orodha ya watu watakaopewa ufunguo wa mashine. Kila mmoja angekuwa na jina lake na neno lake la siri. Aliisoma kwa sauti: Meneja, Kifungo, na mafundi wengine watano, na mjukuu. Wanane. Bi Futi alihesabu kwa vidole chini ya meza, akahesabu tena. Jina lake halikuwamo.

"Mama sasa atapumzika," alisema Meneja kwa furaha ya kweli, kama mtu anayetoa zawadi. "Arobaini na miwili si mchezo. Daftari tutazifungia kabatini. Au kuna kitu unataka, Mama?"

"Sitaki kitu," alisema Bi Futi.

Lilikuwa jibu lake la siku zote. Ukimwuliza kama ataongeza chai, hataki kitu. Ukimwuliza zawadi ya kutoka safari, hataki kitu. Alilelewa kuamini kwamba mwenye adabu hungoja kuulizwa mara ya pili, ila watu nao walizoea kutomwuliza mara ya pili. Safari hii alikuwa anataka. Alitaka jina la tisa kwenye ile karatasi. Akainuka akaenda kuipasha pasi moto, na nguo ya kupigwa pasi haikuwapo.

Jioni aliishonea mashine mfuniko, kwa vumbi la pamba, kutoka mabaki ya kitambaa cha sare. Mjukuu alipoukuta akashika mdomo.

"Bibi, itakosa pumzi! Ina feni mgongoni."

"Kumbe inapumua? Ungesema." Akaufumua, akaupima mgongo wa mashine kwa futi, akakata madirisha mawili na kuyawekea chandarua. Ulikaa kama ulizaliwa nao. Mjukuu akapanda basi la jioni, akasema yaliyobaki atayamalizia kwa mbali.

Jumatatu mambo yalikwenda. Jumanne, saa tatu asubuhi, simu zote sita za mafundi zikagoma kwa wakati mmoja. Kila aliyegonga mashine alijibiwa kimya.

Meneja hakuwapo, alikuwa safarini kununua vitambaa na simu yake haipatikani. Na pale mezani kulikuwa na kitambaa cha koti la Mwalimu Mkuu, ambalo lilitakiwa kukatwa asubuhi ile lijaribiwe jioni.

Mafundi wakatazamana. Kisha, mmoja mmoja, kama kuku wanaomjua mwenye pishi, wakasogea kwenye meza ya kukatia.

"Bi Futi," alisema Kifungo kwa sauti ya asali, "zile daftari ziko wapi vile?"

Bi Futi alifungua kabati bila haraka. Daftari la sita, ukurasa uliopigwa maji ya chai. "Mwalimu Mkuu. Kifua arobaini na mbili. Kiuno arobaini, lakini kata arobaini na mbili. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Na mfuko wa ndani uwe mkubwa, anabeba miwani miwili."

Kifungo aliacha mkasi hewani. "Hayo ya bega kwenye mashine hayamo. Kiuno mimi nilikiona arobaini tupu. Leo tungemtia mzee wa watu kwenye gunia la kubana!"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na wewe hukusema! Bi Futi, mficha uchi hazai."

"Mimi nimezaa watano, shoga. Kata koti."

Wakacheka, na kazi ikaanza. Huyu anataka mkono wa nani, yule anataka mgongo wa nani, na kila jina lilipotajwa Bi Futi alilamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma. Kigoda chake kilikuwa tena katikati ya chumba. Ilipofika saa nne alikuwa ameshasahau kwamba mtu aliwahi kumwambia apumzike. Hapo simu yake ndogo ikaita.

"Bibi." Ilikuwa sauti ya mjukuu, imepungua. "Mama hapatikani. Bibi, nimejifungia nje."

"Nje ya nyumba?"

"Nje ya seva. Nimejenga ukuta, nikafunga milango yote, nikaiamuru izime na iwake upya ili ishike mipango. Imewaka. Lakini ule mstari wa kuacha miwili wazi sikuwa nimeuandika. Nimepigilia mlango misumari na mimi nikiwa uani. Ni kosa la siku ya kwanza darasani, Bibi. Bosi wangu anajua naisaidia karakana ya nyumbani. Nilishamwambia imekamilika." Akavuta kamasi. "Kwa mbali siwezi. Lazima mtu akae mbele yake, kwenye kibodi. Na likizo mimi sina mpaka mwezi ujao."

Bi Futi aliitazama mashine na mfuniko wake wa sare. Akalitazama daftari lililo wazi na wanawake sita waliolizunguka. Mwezi ujao. Angeweza kusema macho yangu, mwanangu. Angeweza kusema mimi nitajulia wapi. Lingekuwa jibu jepesi, na kila mtu angeliamini. Mwezi mzima wa kuulizwa mikono na mabega! Akaupima mwezi huo kichwani kama anavyopimwa mtu, kutoka bega hadi kifundo cha mguu, akauona unamkaa vizuri sana. Kisha akamsikia mtoto anajikaza asilie.

"Kifungo," alisema, "njoo ubonyeze wewe."

"Mimi? Kidole changu kinajulikana nchi nzima! Sikigusi kitu hicho."

"Haya. Ngoja nivae miwani."

Alikaa mbele ya kibodi akaweka simu sikioni, akaibana kwa bega.

"Kwanza itakuuliza jina," alisema mjukuu. "Andika fundi. Halafu neno la siri kuu. Bibi, hapo wapo wangapi?"

"Sita."

"Watoke."

Bi Futi akageuka. "Nendeni nje mkaote jua."

"Nje kuna mawingu," alisema Kifungo.

"Ota mawingu."

Walipotoka, mjukuu akashusha sauti. "Usiliandike popote. Ni maneno manne yameungana, bila nafasi: sindanochumvingazijumatano."

"Hiyo ni sentensi ya mlevi."

"Ndiyo maana hakuna atakayeikisia."

Bi Futi aliandika s, akangoja. Akaandika i, akangoja. Kioo hakikuonyesha kitu. "Haiandiki, mke mwenzangu."

"Inaandika, Bibi. Neno la siri halionekani hata ukiliandika wewe. Hivyo ndivyo inavyoficha."

"Kushona bila kuona mshono. Sawa." Akaanza upya, kidole kimoja, kila herufi akiitafuta kwenye kibodi kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mashine ikakataa. Alikuwa ameruka g. Akarudia. Ikampokea.

"Sasa amri ya kufungua: s, u, d, o. Acha nafasi. U, f, w. Acha nafasi. A, l, l, o, w."

"L mbili?"

"L mbili. Acha nafasi. Mbili, mbili. Mlango wangu huo. Bonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia."

"Inaniuliza neno la siri tena. Si nimeshaipa?"

"Ndivyo ilivyo. Kila ukitaka kugusa kitu kikubwa inakuuliza tena wewe ni nani."

"Ina adabu," alisema Bi Futi, na akaliandika lile neno mara ya tatu. Safari hii hakuruka herufi. Kisha akaandika mstari mwingine, wenye nne, nne, tatu mwishoni, mlango wa simu za mafundi.

Kule mbali akasikia vidole vinagonga haraka, kisha pumzi ndefu. "Nimeingia! Bibi, nimeingia."

Nje pia zikasikika kelele, na Kifungo akachungulia dirishani akitikisa simu yake. "Imeamka!"

Bi Futi alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanga. Jambo moja lilikuwa bado linamkereketa, na lilikuwa la kiufundi.

"Niambie. Kabla ya kufunga hiyo milango, hukupiga bandi?"

"Bandi gani, Bibi?"

"Mimi sipeleki nguo kwenye cherehani kabla ya kuishikiza kwa mkono, uzi mrefu, mishono mikubwa. Namvisha mwenyewe. Ikimkaa, ndiyo naishona. Isipomkaa, navuta uzi, nguo inarudi kitambaa. Wewe umeshona moja kwa moja juu ya mwili wa mtu. Mashine yako haina uzi wa kuvuta?"

Bi Futi akasikia mjukuu anajipiga kofi la paji.

"Unao," alisema mjukuu. "Unaweza kuiambia, funga milango, na baada ya dakika kumi nisiporudi kukwambia sawa, fungua yote mwenyewe. Tulifundishwa. Niliona ni mambo ya waoga."

"Mwoga huvaa nguo iliyomkaa."

Mjukuu akacheka, na kicheko kikawa na machozi ndani. "Nitaanza kupiga bandi. Na lile neno la siri nitalibadilisha leo, Bibi. Si kwamba sikuamini. Ndiyo taratibu."

"Badilisha. Ningekushangaa usingebadilisha."

Mlango ukafunguka. Mafundi wakarudi kwenye cherehani, kila mmoja na simu yake, vichwa chini. Kigoda cha Bi Futi kilikuwa bado katikati ya chumba lakini hapakuwa na mtu kandokando yake. Kifungo peke yake alisimama mezani, chaki mkononi, juu ya mgongo wa koti la Mwalimu Mkuu.

"Mwenzio huku anasema kiuno arobaini," alisema akiisoma mashine simuni mwake. "Na bega hajui kama lina kushoto. Mwambie huyo mtoto wako kuna nukta."

"Nukta gani?" mjukuu aliuliza sikioni. "Bibi, anasema nini?"

Bi Futi akamweleza. Nukta moja, nukta mbili, kijistari, kiduara. Alieleza tisa au kumi, zingine akaziacha.

"Na mimi nimekukalisha siku mbili unanisomea namba," alisema mjukuu polepole. "Kumbe nimechukua daftari nikaacha fundi. Mashine hiyo ni yetu, Bibi, naweza kuikata nitakavyo. Nitaongeza kisanduku cha maelezo kwa kila mtu, leo leo. Lakini hizo nukta nani ataziandika? Mama hazijui. Kifungo hazijui." Akaongeza: "Bibi, umenitoa kwenye aibu leo. Unataka nikufanyie nini?"

"Sitaki ki—" alianza Bi Futi, kwa mazoea.

Kifungo aligonga chaki mezani, akaendelea kutazama koti.

"Nakuuliza mara ya pili," alisema mjukuu. "Unataka nini?"

Bi Futi alishika ncha mbili za futi iliyokuwa shingoni mwake, moja kila mkono.

"Nataka jina langu liwemo kwenye ile orodha," alisema. "La tisa. Na neno langu la siri mwenyewe, usinitungie wewe. Na usinipe mlango wa kusoma tu. Nataka kuandika."